Kupangisha fleti ya Nyali ukiwa Ujerumani

Dada, umeuliza kama wewe, raia wa Ujerumani unayeishi huko, unaweza kupangisha fleti yako ya Nyali, Mombasa. Unaweza. Mgeni humiliki ardhi Kenya kwa hati isiyozidi miaka 99, na kupangisha hakukatazwi. Soma tu kanuni za jengo, hasa ukitaka wageni wa siku chache.

Jambo zito ni ushuru. Kwa asiye mkazi, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hutoza asilimia 30 ya pango lote, bila kukupunguzia gharama zako kwanza. Ile asilimia 7.5 unayoisikia ni ya wakazi, usidanganywe.

Wakala awe amesajiliwa, na pango liingie akaunti yako, si simu ya mtu.

Halafu nyumba yenyewe. Upepo wa bahari una chumvi, nayo hula grili, bawaba na mashine za eyasii za kupoza hewa. Fleti ikifungwa muda, makabati huota ukungu. Tafadhali mlipe vizuri keateka, yule mtunza nyumba. Akurekodie video akifungua kila bomba na kila kabati kabla mpangaji hajapewa funguo, na tena siku anapohama. Dipoziti usiirudishe kabla ya kuiona hiyo ya pili.