Usukani wa Series III kucheza na gari kurukaruka
Kama usukani wa Land Rover Series III yako unacheza na gari inarukaruka, usinunue shokapu mpya kwanza, ikiwa inatangatanga hivyo barabarani mara nyingi shida ni viungo vya steringi. Mtu akae ndani atikise steringi kidogo kidogo kushoto kulia we lala chini uangalie tairodi endi (viungo vya mwisho wa fimbo za steringi) moja moja, ile ambayo pini inacheza lakini fimbo imetulia ndo imekufa. Zikiwa nzima cheki rilei (kifaa kinachopitisha mzunguko wa steringi kwenda kwenye fimbo za magurudumu) iliyojificha mbele kwenye chesisi, alafu kingipini (pini ambazo gurudumu la mbele linageukia). Gia boksi ya steringi iwe ya mwisho kukazwa baada ya hivyo vyote, ukizidisha kukaza usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Springi zifungue usugue kutu katikati ya vipande upake grisi, bushi zake (raba za kwenye ncha za springi) kaza gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, sio kwenye jeki, la sivyo raba inachanika mapema. Na upepo wa tairi umepima lakini?