Je, Mtakatifu Malaki alitabiri Papa wa mwisho?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mume wangu anapokea ujumbe kwenye simu kwamba Mtakatifu Malaki, askofu mkuu wa Ireland, aliorodhesha mapapa wote hadi wa mwisho, na sasa wamekwisha. Amemtoa binti yetu kwenye mafundisho ya kipaimara, na anataka tuuze shamba. Je, utabiri huo ni wa Kanisa?

JIBU: Milele amina, mama. Si wa Kanisa, wala si wa Malaki. Limeniuma swali lako, maana jina lililotumika kumnyima mtoto kipaimara ni la askofu aliyewarudishia kipaimara watu waliokuwa wamekisahau.

Malaki alifariki mwaka 1148. Orodha hiyo, yenye semi fupi za Kilatini zipatazo 112 kuanzia Papa Celestino II, ilitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1595 katika kitabu cha mmonaki Mbenediktini, Arnold Wion, kilichochapwa Venisi. Kwa karibu miaka 450 haikutajwa na mtu. Bernardo wa Clairvaux, rafiki aliyekuwa naye akikata roho, aliandika maisha yake pamoja na miujiza na karama yake ya unabii. Orodha ya mapapa haimo. Jambo zito hivyo angelinyamazia kwa nini?

Tena semi zenyewe zinajifichua. Hadi mwaka 1590 zinalenga sawasawa: nembo ya ukoo wa Papa, mahali alikozaliwa, cheo alichotoka nacho. Baada ya hapo zinalegea, zinamwenea yeyote. Mwaka huo kulikuwa na uchaguzi wa Papa, na usemi unaofuata unaonekana kumwelekea Kardinali Simoncelli wa Orvieto. Ndiyo maana wanahistoria wengi wanadhani ulitungwa kumpigia debe. Hakuchaguliwa.

Wanaomtisha mumeo huhesabu Benedikto XVI kuwa wa 111, na baada yake “Petro Mrumi”, kisha Roma inabomolewa. Aliyemfuata ni Fransisko, Mwajentina aliyebatizwa Jorge. Alifariki tarehe 21 Aprili 2025, na tarehe 8 Mei akachaguliwa Leo XIV. Roma ipo. Sasa wengine wanadai kati ya wa 111 na wa mwisho kuna mapapa wasioandikwa. Huko ni kumdanganya mwamini mara ya pili kwa uongo uleule. Kristo amesema siku ile hata Mwana haijui (Mk 13:32). Anayeuza tarehe yake anajiweka juu ya Mwana.

Malaki halisi alihangaikia mambo ya leo yake. Kiti cha askofu mkuu wa Armagh, mji wa Ireland, kilikuwa kimerithiwa ndani ya ukoo mmoja kwa vizazi vingi, baadhi ya warithi wakiwa walei wenye wake. Askofu Mkuu Cellach, wa ukoo huohuo, alipofariki mwaka 1129 alimwachia Malaki. Ndugu za Cellach wakaweka mtu wao, na Malaki hakuweza kuingia mjini hadi 1134. Hata hapo wapinzani walishikilia fimbo na kitabu cha Injili vilivyohesabiwa kuwa vya Mtakatifu Patrisi, mwinjilishaji wa Ireland, na watu wa kawaida walimtambua askofu kwa vitu hivyo. Amani ilipopatikana, mwaka 1137 alimwachia kiti mwingine, akarudi jimbo dogo la Down. Bernardo anasema alihuisha kitubio, kipaimara na ndoa.

Sasa nyumbani kwako. Usibishane na mumeo mbele ya mtoto. Mwandikie miaka miwili kwenye karatasi, 1148 na 1595, umwachie aitafakari. Kisha muulize kwa upole anaogopa nini. Mara nyingi nyuma ya hofu ya mwisho wa dunia kuna deni, ugonjwa au msiba ambao hajausema. Kama yupo mwanamume wa jumuiya anayemheshimu, aje waongee wawili tu. Shamba lisiuzwe kwa hofu: usitie sahihi karatasi yoyote.

Kuhusu binti, nenda kwa katekista wiki hii, kabla orodha ya watakaoimarishwa haijafungwa, kwa sababu askofu hafiki parokiani kila mwezi. Chukua cheti cha ubatizo, uliza vipindi alivyokosa atavifidiaje, na umtafutie msimamizi ambaye mwenyewe ameimarishwa. Paroko akiuliza kwa nini alikatiza, mweleze yote, ili amtembelee mumeo kama mchungaji na asimwite ofisini kama mshtakiwa.