Shule mbili, kiwanja kimoja: choreni ramani kabla ya kununua tofali

Wanangu wawili hutoka nyumbani pamoja asubuhi, hutembea njia moja, hupita geti moja, kisha mmoja anakata kulia na mwingine kushoto. Wanasoma shule mbili tofauti ndani ya uzio mmoja. Huku kwetu kusini mwa Dar es Salaam, ng'ambo ya Rangi Tatu, hilo halimshangazi mtu. Shule ya msingi ikifurika inagawanywa: mikondo kadhaa inabaki shule mama, mingine inapewa jina jipya, mwalimu mkuu wake, kamati yake na muhuri wake. Kinachobaki kuwa kimoja ni ardhi, pamoja na uwanja wa mpira, bomba la maji na njia ya kufikia vyoo.

Nimekaa kwenye kamati ya ujenzi ya shule mama kwa miaka minne. Naandika kwa ajili ya mzazi au mjumbe aliyeko kwenye kamati kama yetu, ambaye ameambiwa fedha za madarasa zinakuja na anatakiwa aonyeshe mahali pa kujenga. Ninalotaka kukuambia kuliko yote ni hili: kabla hamjapokea hata mfuko mmoja wa saruji, kamati zote mbili zikae meza moja na zichore kiwanja chote kwenye karatasi moja. Sisi hatukufanya hivyo, na waliolipia kosa letu ni watoto.

Ilikuwa hivi. Tulipata fedha za madarasa mawili. Tukatazama upande wetu, tukaona sehemu iliyo wazi kati ya jengo la zamani na uzio, tukaweka msingi hapo. Shule ya pili hatukuiuliza. Hatukuwa na nia mbaya, ni kwamba kila mmoja wetu kichwani alikuwa na shule yake tu. Madarasa yakaisha, yakapauliwa vizuri, yakapakwa rangi, watoto wakahamia, tukapiga na picha.

Miezi mitano baadaye mashimo ya vyoo vya shule ya pili yakajaa. Wakaita gari la majitaka. Lilipofika kwenye kona ya darasa letu jipya likasimama. Dereva akashuka, akanyoosha mikono yote miwili, mmoja ukagusa ukuta, mwingine ukakaribia uzio. Alitazama kule nyuma vilipo vyoo, akapima kwa macho urefu wa mpira wake, akatikisa kichwa. "Hapa mmenifungia njia, mama," akaniambia. Akarudi kinyumenyume mpaka getini.

Vyoo vile vilifungwa wiki tatu. Watoto wa shule mbili wakawa wanapanga foleni kwenye matundu ya shule moja, na mwanangu mdogo alikuwa kwenye foleni hiyo. Katika siku hizo nilikaa na wasichana wachache wa darasa la tano na la sita, nikawauliza wanavyofanya. Mmoja akajibu taratibu, bila kulalamika: "Asubuhi sinywi maji." Mtoto wa miaka kumi na moja, kwenye joto la Dar es Salaam, anajizuia kunywa maji mpaka saa nane mchana kwa sababu sisi watu wazima tulikosea kuweka jengo. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niwaombe wenzangu tuanze upya.

Tulianza kwa kwenda kwa walimu wakuu wote wawili. Hapa nakushauri uwe mwangalifu. Usimwendee mwalimu mkuu wa shule ya pili na karatasi iliyokwisha kuandikwa, ukamwomba asaini. Walimu wakuu wa shule zilizogawanywa mara nyingi wana machungu ya zamani: nani alibaki na ofisi nzuri, nani alipewa madawati mabovu, kengele ya nani inagongwa kwanza. Sisi tulimwomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa aite kikao, kwa sababu yeye si wa upande wowote, na Afisa Elimu Kata akahudhuria. Saa nzima ya kwanza ilikuwa ya kutoa ya moyoni. Waacheni watu waseme. Ukikimbilia ajenda, machungu hayo yatakuja kutokea siku ya kugawa madarasa.

Kisha tukachora. Hatukuwa na mtaalamu wala fedha. Tulikuwa na karatasi nne za manila zilizounganishwa kwa gundi, futi kamba ya mita hamsini ya mzazi mmoja ambaye ni fundi ujenzi, na Jumamosi mbili. Tulipima kila jengo, kila mwembe, kila shimo la choo, kila chemba, mahali bomba linapoingia, mahali tenki lilipo. Tulichora na vijia vya watoto, vile vilivyokwisha kuwa vyeupe kwa kukanyagwa, kwa sababu mtoto hafuati njia uliyomchorea, anafuata iliyo fupi.

Mchango mkubwa kuliko wote tuliupata getini, kwa mama anayeuza vitumbua hapo kwa miaka mingi kuliko walimu wengi waliopo. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamwonyesha ramani na mahali tulipokuwa tunafikiria kuweka vyoo vipya. Akaweka kidole chenye unga. "Hapo masika yote maji yanapita, mwanangu. Yanatoka kule barabarani, yanakata hapa, yanakwenda kule bondeni. Mkijenga, yatawaingilia." Tulikwenda kuangalia. Kweli, kulikuwa na mfereji hafifu uliojaa majani makavu, na mchanga wa mvua zilizopita umelala pembeni. Ulikuwa mwezi wa Agosti, ardhi kavu, hakuna ambaye angeuona. Kwa hiyo kama mnapanga wakati wa kiangazi, tafuteni mtu aliyeiona Machi mpaka Mei ya miaka mingi, naye mara nyingi hayumo kwenye kamati yoyote.

Baada ya ramani ndipo zikaja hesabu. Viwango vya serikali si siri: darasa moja wanafunzi 45, tundu moja la choo wasichana 20, tundu moja wavulana 25. Chukua kiwanja chenye shule mbili na wanafunzi 1,800 kwa jumla, nusu kwa nusu. Utahitaji madarasa 40 na matundu 81, yaani 45 ya wasichana na 36 ya wavulana. Fanyeni hesabu hiyo kwa namba zenu halisi, za shule zote mbili kwa pamoja, na muiandike kubwa ukutani. Kwetu ilibadilisha mazungumzo siku hiyohiyo. Tulikuja tukiamini tumepungukiwa madarasa. Tulikuwa tumepungukiwa madarasa kweli, lakini kwa vyoo tulikuwa nyuma zaidi, na hakuna mjumbe aliyewahi kuomba choo, kwa sababu choo hakina sherehe ya kuzinduliwa.

Kuna jambo jingine la hesabu ambalo kamati nyingi ninazozungumza nazo bado hazijalitazama. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027. Waliowatangulia kwa mwaka mmoja wanamaliza darasa la saba mwaka huohuo wa 2027. Maana yake mwaka 2028 makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na shule ya msingi inabaki na awali na madarasa sita badala ya saba. Kama kiwanja chenu kina shule mbili za msingi, kama chetu, vyumba vya darasa la saba vitapata nafasi ya kupumua. Kama kiwanja chenu kinachangiwa na shule ya msingi na sekondari, msipange kabisa bila kuliweka hilo mezani, kwa sababu upande mmoja utapungua na mwingine utafurika, na ukuta mnaoujenga leo kutenganisha pande hizo huenda mkauvunja.

Hata hivyo msijidanganye kwamba nafasi hiyo itadumu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi, na wanaojenga wanajenga huku pembezoni kwetu. Kila nyumba mpya unayoiona ikipauliwa mtaani ina mtoto wa awali anayekuja.

Kwa hiyo swali la ghorofa litakuja tu, kwa sababu ardhi haiongezeki. Hapa nataka kuwa mkali kidogo. Fundi yeyote akikuambia "jengeni ya chini kwanza, tutapandisha juu baadaye," muulize msingi na nguzo zimechorwa kubeba nini. Jengo ambalo msingi wake ni wa chumba cha chini haligeuzwi kuwa ghorofa kwa matumaini. Kama mna nia ya kupanda juu, mhandisi wa manispaa ahusike tangu kwenye udongo, na mkubali kwamba fedha mliyonayo itafika hatua fupi zaidi. Kama hamna uwezo huo, basi jengo la chini liwekwe pembeni, lisile katikati ya kiwanja. Katikati ndipo ghorofa ya baadaye itakapokaa.

Ramani ilitupa na zawadi ambayo hatukuitegemea. Tulipokuwa tunatafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, mbili tulizipata upesi, ya tatu haikuonekana. Tulikuja kuikuta nje ya uzio wetu, katikati ya migomba ya jirani. Kumbe uzio wa zamani ulijengwa ndani ya mpaka, ukaacha ukanda wa ardhi ya shule nyuma kabisa, karibu na vyoo vilivyokosa njia. Wapo waliotaka barua kali iandikwe siku hiyo. Nashukuru hatukuandika. Tulimwomba mpima wa manispaa athibitishe kwanza, kisha jioni moja mwenyekiti wa mtaa na walimu wakuu wote wawili wakaenda kwa mzee huyo, nami nikafuatana nao. Tukapewa viti, tukajuliana hali, ndipo tukasema kilichotuleta. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema alipanda kwa sababu palikuwa pori na watu walianza kutupa taka. Aliomba jambo moja tu, asubiriwe mikungu ikomae. Tulisubiri.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ruzuku ya uendeshaji inayokuja shuleni haikuwekwa kwa ajili ya kujenga, msiitegemee. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 hakuna mtoto anayetakiwa kurudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango, na kamati inayomruhusu mwalimu kufanya hivyo inavunja imani ya wazazi ambayo itachukua miaka kuirudisha. Sisi tuliomba vitu na nguvu zaidi ya fedha taslimu: lori la mchanga, kokoto, siku moja ya fundi, kina baba wa kuchimba msingi Jumapili asubuhi. Kila kilichopokelewa kiliandikwa kwenye ubao wa nje, mahali ambapo mzazi wa shule yoyote anapita. Na fedha za serikali zinapokuja kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi badala ya mkandarasi, hakikisheni kwenye kamati ya mapokezi anakaribishwa mtu wa shule ya pili ashuhudie, hata kama akaunti ni ya shule moja. Akihesabu mifuko ya saruji pamoja nanyi, uvumi hauna pa kuanzia.

Msianzishe majengo matatu kwa mpigo. Jijini humu utaona maboma yaliyoishia kwenye lenta, ndani yameota majani. Maliza moja, na choo chake, na mteremko wa kiti mwendo, na chumba cha wasichana kujistiri wakati wa hedhi, ndipo ugeukie jingine.

Na angalieni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, lakini ombi linalofika Mei limechelewa. Sisi tuliupitisha mpango wetu kwenye mkutano wa mtaa mapema, ukaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani akaubeba mpaka halmashauri. Nakala nne za ramani zilitunzwa mahali pane tofauti, na hilo lilitusaidia sana. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 viongozi kadhaa wa mtaa wetu walikuwa wapya. Hawakuhitaji kusimuliwa, walikunjuliwa karatasi.

Geti la nyuma limewekwa kwenye ukanda ule wa migomba, upana mita nne. Matundu mapya ya wasichana yapo upande wa juu, mbali na njia ya maji, si ndani yake, na ni ya shule zote mbili. Jumamosi iliyopita gari la majitaka lilikuja tena, dereva yuleyule. Mama wa vitumbua alimwonyesha kwa mwiko njia ya kuzungukia nyuma, na likaingia mpaka kwenye chemba bila kusimama.