Jeki ndefu inaumiza watu wakati wa kushusha

Wale tunaoendesha Land Cruiser za watalii mnajua mvua zikikolea kule Ndutu, kusini mwa Serengeti, ule udongo mweusi wa mbuga hauna huruma, tairi inazunguka tu mpaka gari inalalia difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Hapo ndo watu wanakimbilia Hi-Lift, ile jeki ndefu ya inchi 48, na hapo ndo wanaumia. Mwenzangu mkono wa jeki ulimpiga taya nikiwa pembeni yake, meno mawili yakatoka palepale, na hakuwa mgeni wa kazi.

Kupandisha alipandisha vizuri. Tatizo mtu akishapanga mawe chini ya tairi anaona kazi imeisha, anageuza kile kidude cha kushushia wakati mkono bado uko chini, uzito wa gari unaurusha juu kwa nguvu ambayo hakuna binadamu wa kuizuia. Mkono usimamishe kwanza mpaka ugusane na ule mti wa jeki, yaani chuma kirefu chenye matundu, ndo ugeuze, halafu shusha taratibu umeushika kwa mikono miwili, kichwa kikae pembeni, usiuinamie hata sekunde moja. Ukikuponyoka usijaribu kuudaka, ruka nyuma!

Kabla hujashuka garini angalia majani vizuri, simba wa Ndutu wanalala popote. Wageni nao washuke, wasimame mbali na jeki. Kitako cha jeki ni kidogo mno kwa tope lile, kinazama kabla gari haijanyanyuka, kwa hiyo mimi natembea na kipande cha ubao mnene. Nyanyulia kwenye chuma, sio bampa ya plastiki, na kama bodi inapanda tairi imebaki topeni ni springi zinanyooka tu, funga ekseli na chesi kwa mkanda.

Wenye Land Rover Defender za zamani nawaomba sana, hendibreki yenu inashika propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, sio tairi, ukinyanyua tairi moja ya nyuma gari inaweza kutembea na kuanguka kwenye jeki, so funga difuloki, ile loki ya difu ya katikati inayounganisha tairi za mbele na za nyuma, na weka kabari tairi zilizobaki chini. Na chini ya gari usiingize hata mkono.

Jioni ioshe tope lote, zile pini mbili zinazopanda tundu kwa tundu kwenye mti wa jeki zipige oili nyepesi. Asubuhi ichezeshe mara nne tano kabla hujatoka kambini, usikie pini zikigonga ka, ka, kila tundu. Moja ikikaa kimya, jeki hiyo usiibebe.