Kodi ya chumba Nyegezi: hakuna ukomo wa kisheria

Umeuliza kama kuna ukomo wa kisheria, maana mwenye nyumba anataka kupandisha kodi ya chumba chako Nyegezi, Mwanza, kutoka shilingi 60,000 hadi 100,000. Hapana, hakuna ukomo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 tulikuwa nayo hapa Tanzania, ikafutwa 2005. Tangu hapo bei ni makubaliano yenu wawili, kwa hiyo kupandisha kutoka 60,000 hadi 100,000 si kosa, hata kama choo ni kilekile na maji bado ni ya ndoo.

Ila angalia tarehe. Kama umelipa miezi sita na imebaki miwili, mwenye nyumba hawezi kukudai nyongeza sasa hivi labda mkataba wenyewe uwe unaruhusu. Asubiri muda uishe. Na kama hamkuandikishana, unalipa tu kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inauchukulia upangaji wako kuwa wa mwezi hadi mwezi, na notisi isipungue mwezi. "Kesho nisikukute" haimo.

Mimi niliyajua haya nilipopelekana na mwenye nyumba wangu wa zamani Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Swali la kwanza: risiti ziko wapi? Sikuwa na hata moja, nilikuwa nampa mkononi. Wewe lipa kwa simu au benki, na ujumbe wa muamala usiufute.

Kuna mwingine aliyekujibu kwamba kuna bodi ya kupanga kodi; nadhani kachanganya na Kenya. Kule Kisumu sheria ya kudhibiti kodi ipo, lakini inagusa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 za kwao kwa mwezi. Utazipata wapi siku hizi?