Tangi lililofungwa miezi minne: usishuke bado

Ndugu yangu wa Kisumu, umesema fundi mkuu anataka ushuke tangi la chini ya meli ukwangue kutu, na kwamba ni salama kwa kuwa limekaa tupu, limefungwa, miezi minne. Hapo ndipo hatari ilipo. Chuma kikishika kutu hula oksijeni, na tangi lililofungwa halipati nyingine. Hakuna harufu wala moshi. Unashuka vidato vitatu, magoti yanalegea, unaanguka.

Tena tope la ziwa lililobaki chini linaweza kutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Ikizidi, pua huacha kuinusa, kwa hiyo usiitegemee. Wala usishushe mshumaa kama wafanyavyo wachimba visima: ukikuta gesi inayoweza kuwaka, utalipua tangi.

Fungueni vifuniko vyote, feni isukume hewa safi hadi sakafuni. Izimeni dakika kama 10, kisha mshushe kipimo cha hewa kwa kamba: juu, katikati, chini. Oksijeni isipofika karibu asilimia 21, hakuna kuingia. Mkiingia, feni iendelee muda wote.

Na mdomoni pa tangi abaki mtu asiyeondoka. Niliwahi kumshika mwenzangu mshipi kwa mikono miwili asimfuate rafiki yake aliyezimia ndani; alinitukana huku akilia. Angeingia bila mtungi wa hewa mgongoni, wangezimia wawili.

Kesho mwulize fundi mkuu kipimo kiko wapi. Kama hakipo, kibarua hicho kiache, ndugu yangu.