Fundi wa Ujiji Anajibu: Valvu Iliyochangamsha Muziki

SWALI: Fundi, shikamoo. Kaka aliniletea kutoka Uingereza amplifaya ya hedifoni inayotumia valvu moja (ile taa ya kioo inayokuza sauti), aina ya ECC82. Hedifoni zangu ni za omu 300. Nikanunua mtandaoni nyingine mbili: ECC83 mpya, na ECC82 ya zamani ambayo kioo chake juu ni cheupe. Hiyo nyeupe haitoi sauti kabisa. Lakini ECC83 imeniacha hoi: muziki umechangamka, hata kinanda cha nyuma nakisikia. Rafiki yangu anasema ninunue mbili za akiba. Ninunue? – Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba. Hela yako iache kwanza mfukoni.

Hiyo nyeupe itupe. Valvu nzima ina rangi ya fedha ndani ya kioo, inayonasa hewa kidogo iliyobaki. Ikigeuka nyeupe, hewa imeshaingia. Aliyekuuzia ana macho kama wewe.

Sasa ECC83. Ina pini tisa zilezile na filamenti (waya wa ndani unaowaka) ya volti zilezile, ndiyo maana imeingia na kuwaka bila kinyongo. Ila ukuzaji wa ECC82 kwenye karatasi ya kiwanda ni kama mara 17, wa ECC83 ni mara 100. Ndani ya saketi tarakimu hizo hupungua, lakini tofauti hubaki. Ulichokipenda ni sauti kubwa, mwanangu. Ukiongezewa sukari kwenye chai ileile utaapa majani yamebadilishwa.

Tena ECC83 ina mkondo mdogo wa umeme. Kwa volti 250, ECC82 hupitisha miliampea 10 na ushei. Mwenzake 1 na ushei. Saketi iliyopangiwa ya kwanza, ya pili huishiwa pumzi. Weka wimbo wenye besi nzito, pandisha sauti, usikilize inavyokwaruza.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, piga mlio wa hezi 100 kutoka kwenye simu, pima kwa mita volti za AC (umeme wa kupishana) zinazokwenda kwenye hedifoni, kisha kila ukibadilisha valvu rudisha kitufe cha sauti mpaka mita isome vilevile. Mlio wa hezi nyingi zaidi usiutumie, mita za bei rahisi huusoma vibaya. Kazi ya kubadilisha mpe huyo rafiki yako. Wewe geukia ukuta na penseli, uandike unadhani inapiga ipi.

Mimi nilifanyiwa hivyo na mjukuu wangu, ECC82 ya zamani ya bei mbaya dhidi ya mpya ya kawaida. Mara kumi nilibahatisha sita, na hapo nimeshika solda tangu ujana. Siku hiyo chai ilipoa mezani.

Kabla ya kung'oa valvu chomoa umeme, kioo kipoe. Kifuniko cha chini usifungue: kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na volti za kukurusha hata waya ukiwa umechomolewa. Na hedifoni zivae baada ya kuwasha, si kabla.